Kitanda Kati ya Maaskofu wa Kadibodi

Nina wageni wanne wa kiume. Hawali, hawanywi, hawakohoi, wala hawaendi msalani. Tangu waje hawajakaa kitako hata siku moja, na kwa ajili yao mwenye nyumba hana pa kulaza mbavu. Ni akina nani?

Fikirini taratibu. Msiniambie maiti, maiti hasimami. Msiniambie miti, miti inakunywa. Mkishindwa mtanipa mji, na safari hii sitaki Mombasa wala Unguja, hiyo nishapewa mara nyingi na wajukuu wavivu. Nipeni Halifax, huu huu ninaokaa, pamoja na vilima vyake na mvua yake, niutawale mpaka kesho asubuhi. Amri yangu ya kwanza itakuwa kumvua cheo jirani yangu, Neville Sugden.

Haya, mji nimeupokea. Wageni wale ni maaskofu, nao ni wa kadibodi.

Zamani, tulipokuwa wasichana, ilikuwapo bendi ya roki iliyoitwa Tin Bishops, yaani Maaskofu wa Bati. Vijana wanne wa huku huku kaskazini mwa England, nywele mpaka mabegani, makofia marefu ya kiaskofu vichwani, na magitaa yanayolia kama paka aliyebanwa na mlango. Nchi nzima iliwaimba. Walipotoa santuri yao ya Sala ya Kitandani, kampuni yao ikawagawia wenye maduka vikorokoro vya kupambia madirisha, ili mpita njia avutike aingie anunue. Wakapewa maaskofu wanne wa kadibodi wenye kimo cha mtu, na kengele za karatasi za kuning'iniza, na visahani vya majivu ya sigara, na foronya ya mto yenye uso wa yule Askofu mwimbaji, kakodoa macho kama amekanyagwa. Kila kitu kilipigwa muhuri mwekundu: SI YA KUUZWA. Wenye maduka wakapamba, wakauza santuri zao, halafu takataka zote wakazipeleka jalalani.

Basi wanaume wa huku wakakua, wakaota vitambi na vipara, wakaanza kuvitafuta vilivyotupwa jalalani kama watu wanaotafuta mifupa ya mitume.

Wana chama chao, nacho wanakiita Sinodi. Hukutana ghorofani kwenye baa moja, wakavaa glavu nyeupe, wakaitana Shemasi, Kasisi, Kanoni. Mtu mzima na akili zake, aliyefanya kazi benki mpaka akastaafu, anamwinamia fundi bomba na kumwita Baba Kanoni! Sheria zao ni nyingi kuliko za ndoa. Ukitaka kuwa mtu kati yao lazima vitu vyako uvipange pamoja, chumba kimoja, kama vilivyokuwa kwenye dirisha la duka, na hicho chumba wanakiita Dirisha. Kitu usichokuwa nacho, usiweke kingine mahali pake. Unaacha nafasi tupu, unaizungushia kamba. Na Sinodi ikishalipokea Dirisha lako, hakuna kusogeza kitu humo ndani hata kwa upana wa kidole mpaka wao wenyewe waruhusu.

Lakini sheria kubwa kuliko zote ni ya asili. Kila kitu lazima kiwe na asili yake: kilitoka wapi, wewe ulikipataje. Mwenyewe anaweka mkono juu ya santuri na kusema kweli tupu mbele ya wenzake. Neville ni mwongo wa kawaida, kama sisi wote. Humdanganya daktari kuhusu soseji, humdanganya mkewe kuhusu soseji zile zile. Ila asili ya kitu cha Maaskofu wa Bati hawezi kuidanganya. Akijaribu, masikio yanageuka rangi ya nyanya, ulimi unakwama, anaomba maji.

Sasa mkewe. Avril alikuwa na saluni mtaa wa chini, mwanamke wa kicheko kinachopenya ukuta. Nyumba zetu zimeshikana, za mawe, ukuta mmoja. Akicheka kwake, vikombe vyangu vinaitikia. Na jambo ambalo wale wa Sinodi hawakulijua ni kwamba Avril alipata kuwa ndani ya dirisha lenyewe, lile la kweli.

Siku santuri ilipoingia madukani, Bwana Ormerod, mwenye duka la santuri mjini, alimwajiri Avril alale dirishani kutwa. Alikuwa binti wa miaka kumi na tisa. Kitanda katikati, maaskofu wanne wamemzunguka kama wanamwombea, kichwa chake juu ya ile foronya, na kazi yake kujitia usingizi huku mji mzima unapita ukimcheka. Mvua ikanyesha. Kijana mmoja akasimama nje ya kioo, maji yanamchirizika shingoni, hasogei. Watu wanakuja, wanacheka, wanaondoka, yeye yupo. Jioni Avril alipotoka na mkoba wake, kijana akamfuata mpaka kituo cha basi, akaomba ambebee mkoba.

"Nikasema moyoni, jamani, wenye adabu bado wapo," Avril alinisimulia. "Nikaolewa naye."

Walipokwisha oana akamuuliza, "Neville, siku ile ulikuwa unaangalia nini?"

Neville akasema, "Mvua ilikuwa nyingi, mpenzi. Nilikuwa najikinga."

"Unajikinga mvua katikati ya mvua?"

Neville akakohoa. Kisha na yeye akauliza, "Hivi ile foronya, uliichukua ukaipeleka wapi?"

"Nijibu kwanza, nami nikujibu."

Ikawa ndiyo mchezo wao. Kila Krismasi, bata mzinga mezani, viazi vimekaangwa vikakauka vizuri, Avril anauliza lake, Neville anauliza lake, hakuna anayejibu, wanapasua fataki zao za karatasi, wanavaa taji za karatasi zinazotoka humo, wanakula. Watoto wakazaliwa, wakakua, wakahamia Leeds, na maswali yale mawili bado yamekaa mezani na mchuzi.

Ile foronya ilipo mimi napajua. Kiangazi kimoja Neville alikuwa uani anaanika soksi, nami upande wangu naanika shuka. Nikamwita juu ya ukuta.

"Neville, nikutege kimoja. Ana meno tumbo zima, hamuumi mtu, anauma nguo tu."

"Mbwa wa akina Whiteley," akasema, mkono umezama ndani ya mfuko wa vibanio mpaka kiwiko.

"Siye. Na huyu analala kambani."

"Basi sijui, Bi Rukia. Chukua mji." Akatoa kibanio, akabana soksi.

Foronya ilikuwa mkononi mwake, wajukuu zangu! Avril aliigeuza ndani nje, akaitia waya mdomoni, akaifanya mfuko wa vibanio vya nguo. Miaka yote ile Askofu mwimbaji alikuwa humo gizani, uso kwa uso na vibanio, na Neville Sugden, mtu anayevaa glavu ili ashike kisahani cha majivu, alikuwa anatia mkono mtupu mdomoni mwake kila Jumatatu, siku ya kufua. Avril alikuwa akinitazama kutoka dirisha la jikoni, tukicheka hadi tunashika mbavu.

Kicheko kiliisha nyonga ilipomwisha Avril. Akawa anatembea kama meza yenye mguu mfupi. Daktari akasema atapasuliwa, atiwe nyonga mpya ya chuma, na akirudi nyumbani asipande ngazi kwa muda mrefu. Kitanda kiwe chini. Nyumba zetu chini zina jiko, na chumba cha mbele, basi. Jikoni haliingii godoro. Na chumba cha mbele ndiko walikokaa wageni wetu wanne.

Nilikuwapo Avril alipouliza. Nilikuwa nimewapelekea maandazi, ambayo Neville huyaita donati zisizokuwa na tundu.

"Neville, kitanda changu utakiweka wapi?"

"Tutaona, mpenzi."

"Tunaona sasa hivi. Fungua mlango."

Akafungua. Maaskofu walikuwa wamesimama kwa duara, kengele za karatasi zinaning'inia, pazia zimefungwa jua lisiwapaushe. Na katikati, nawaapia, palikuwa na nafasi tupu iliyozungushiwa kamba nyekundu. Urefu wa kitanda. Upana wa kitanda.

"Si hapo?" Avril akasema.

"Hapo hapakai kitu. Hapo ni pa kitanda."

"Nami nina kitanda!"

"Si kitanda chochote, Avril. Ni pa kitanda chenye foronya. Kitanda bila foronya ni fanicha tu, na fanicha haikai Dirishani. Sinodi inakuja Jumamosi, kesho yake ukishatoka hospitali. Wakikuta fanicha wananifuta."

Mjue kwamba Askofu Mkuu wa zamani wa Sinodi alikuwa amehamia Hispania na mkewe, kwenye jua, na jua ndilo adui wa kadibodi; Sinodi ikamvua cheo kwa kelele. Kiti kilikuwa wazi, na mwenye Dirisha bora ndiye angekikalia. Waliokuwa wanakitaka ni wawili, Neville na mtu mmoja wa Huddersfield, Graham Pickles, ambaye Neville hakumtaja kwa jina, alimwita "yule wa kengele mbovu".

"Kwa hiyo," Avril akasema polepole, "mimi nilale wapi, mradi mahali pa kitanda pasilale mtu?"

"Kiti cha jikoni kinalala nyuma kidogo," Neville akasema.

Nikabeba sahani yangu ya maandazi nikaondoka nayo. Hakustahili hata moja.

Kuna mwanamke wa hospitali ambaye hutumwa nyumbani kabla mgonjwa hajaruhusiwa. Anakuja na futi yake, anapima kiti, anapima choo, anatazama kitanda kipo chini au hakipo. Kama hakipo, mgonjwa haachiwi. Neville alilijua hilo. Siku ya kuja yule mwanamke, asubuhi, nikasikia hodi. Nafungua, namkuta Neville mlangoni amekumbatia kitu kirefu kilichofunikwa shuka, miguu ya kadibodi inachungulia chini.

"Bi Rukia, nihifadhie huyu mpaka saa nane."

"Amekufa?"

"Usinifanyie mzaha, mama. Wako wengine watatu."

Mtaa mzima ulitoka kumtazama Neville Sugden akipita mchana kweupe na maiti nne za shuka ya maua, moja baada ya moja. Bibi Whiteley alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. Jikoni kwangu nikawasimamisha kando ya jiko. Mmoja alikuwa amenyoosha mkono kubariki, nikautundikia taulo.

"Bi Rukia! Taulo!"

"Ana mikono, hana kazi."

Basi akaazima kitanda cha magurudumu kwa watu wa kanisa, akakisukuma chumba cha mbele, akakitandika vizuri na mto wa maua. Mwanamke wa hospitali akaja, akapima, akabonyeza godoro, akasema, "Mkeo ana bahati." Neville akasema, "Asante." Gari la yule mama lilipokata kona, kitanda kikaenda banda la uani, maaskofu wakarudi, kamba ikarudi. Taulo langu akanirudishia akiwa amevaa glavu.

Avril aliletwa Ijumaa mchana na gari la wagonjwa. Wakamwingiza na magongo yake, anatabasamu, amechoka, uso mweupe kama unga. Mimi nilikuwa nimeshamtengenezea supu. Alisimama kwenye ukumbi mdogo, akatazama mlango wa chumba cha mbele, ulikuwa umefungwa.

"Kitanda kiko wapi?"

Neville akatazama magongo. "Jumapili, mpenzi. Sinodi ikiondoka tu. Usiku mmoja, mbili, kwenye kiti. Nimekiwekea mto."

Avril hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akaenda kwenye kiti, akakaa, gongo huku, gongo huku. Nikamwambia, "Twende kwangu, shoga. Sebule yangu haina mtu." Akasema, "Rukia, nyumba hii nimeinunua kwa kukunja nywele za mji mzima. Sitoki niwapishe makaratasi." Akalala pale pale, kiti kimelala nyuma kidogo, kama alivyoahidiwa.

Asubuhi nilipokuja kumtazama nilimkuta macho mekundu, mguu umevimba. Neville alikuwa amekwisha vaa suti, anaelekea kituo cha treni kumpokea Kanoni Roland, mkaguzi wa Sinodi. Alipotoka, Avril akaniambia, "Nimeificha miaka yote nikingoja jibu. Sasa, mwenzangu, jibu silitaki tena. Nataka kitanda. Kalete vibanio."

Nikajua. Nikaenda kambani, nikautungua mfuko, nikamwaga vibanio kwenye karai. Nikang'oa waya. Nikaugeuza nje ndani. Lahaula! Askofu mwimbaji alitokeza amekodoa macho vile vile, rangi zake kama za jana, maana jua halikumwona, ila mashavuni ana alama za meno ya vibanio kama mtu aliyelala kifudifudi kwenye mkeka. Kwenye pindo, muhuri mwekundu: SI YA KUUZWA.

Kitanda kilikuwa na magurudumu, Mungu awazidishie watu wa kanisa. Nilikisukuma kutoka bandani, nikakipitisha jikoni, Avril kwenye kiti chake akiamrisha kama nahodha. "Kushoto! Mguu wa Askofu huo! Basi mponde, lakini kidogo." Nikaikata kamba nyekundu kwa kisu cha mkate. Kitanda kikaingia katikati ya maaskofu bila kugusa hata mmoja. Kama kilipimiwa. Na kweli kilipimiwa! Nikautia mto kwenye foronya, nikamlaza Avril taratibu, nikamfunika, nikamwachia ule mguu usio mgonjwa nje ya blanketi upate hewa. Akavuta pumzi ndefu. Nikaenda kubandika birika.

Wakaingia. Kwanza Neville, anasema, "Karibu, Baba Kanoni, utaona mwenyewe nafasi nimeiacha kwa heshima zote..."

Kanoni Roland alikuwa mzee mwembamba, pua ndefu, glavu tayari mikononi. Alitazama kitanda, akatazama kamba iliyokatwa, akamgeukia Neville kwa uso wa kuzika.

"Neville. Hii ni fanicha."

"Baba Kanoni, mimi..."

"Na juu ya fanicha kuna mgonjwa."

"Habari za asubuhi," Avril akasema. "Mimi ni mke wa mwenye nyumba. Utakunywa chai?"

Macho ya Kanoni yalikuwa yameshuka yakakwama. Alikuwa anatazama mguu wa Avril, ule wa nje. Sasa mjue hivi: lile dirisha la Bwana Ormerod limebaki picha moja tu duniani, tena yenye ukungu. Wanaonekana maaskofu, na chini ya blanketi unachungulia mguu wa mtu, kidole gumba kimepinda kuelekea kwa wenzake kama kinasikiliza siri. Hao wa Sinodi wameichunguza picha ile kuliko wanavyochunguza afya zao. Kanoni Roland ameuandikia mguu ule makala.

Akapiga magoti. Akatoa kioo cha kukuzia mfukoni. Akakisogeza kwenye kidole gumba cha Avril mpaka pumzi zake zikamtekenya.

"Wee baba!" Avril akasema. "Kwetu watu hujuana majina kwanza."

"Ndio huu," Kanoni akanong'ona. "Kidole kimepinda kushoto. Ndio huu mguu. Neville! Umeishi na mguu huu?"

"Tangu zamani," Neville akasema kwa sauti ya chini.

"Na umeuweka wapi?"

"Jikoni," nikasema mimi, nimeshika sinia. "Kwenye kiti."

Kanoni akasimama, akatazama juu, akaona mto. Avril akainua kichwa kidogo tu, kama mtu anayemchungulishia jirani kilichomo sufuriani. Askofu akawakodolea macho wote wawili. Jamani, sijaona wanaume wazima wakilia namna ile tangu timu yao ya raga iliposhuka daraja. Kanoni alivua glavu akafuta machozi, akavaa nyingine mpya. Neville alitaja jina la Mungu, kisha akanitazama mimi, akatazama uani kambani, akanitazama tena, na nikaona meno yote ya lile tumbo yakimwingia akilini, moja moja.

"Mbwa wa akina Whiteley," nikamwambia.

"Jumatatu zote zile," akasema. "Mkono wangu ulikuwa humo ndani."

Kanoni akajikaza, akarudi kazini. "Bila foronya, hii ni fanicha na mgonjwa. Ikiwa na foronya, ni Dirisha. Tena Dirisha kamili, ambalo hakuna aliyewahi kuliona tangu siku ile yenyewe. Pickles amekwisha. Neville, ukiapishwa leo, kitanda hiki na mama huyu havisogezwi humu ndani mpaka Sinodi iamue, na Sinodi haina haraka."

"Hata nikitaka kiti cha jikoni?" Avril akauliza kwa upole, jicho kwa mumewe.

"Ni mwiko, mama."

"Basi naipenda Sinodi. Rukia, mimina chai."

Nikamimina. Moyoni nikasema, tazama nchi hii: mwanamke amenyimwa kitanda na mumewe, amepewa na baa.

"Imebaki asili," Kanoni akasema.

Akaitoa santuri ya Sala ya Kitandani kwenye ganda lake, akamsogezea Neville. Asili isiposemwa, kitu hakipokelewi. Kitu kisipopokelewa, Dirisha si Dirisha, na kitanda kinarudi bandani. Avril alilijua hilo vizuri kama mimi. Niliona vidole vyake vimekamata ukingo wa godoro.

"Ya foronya nitaisema mwenyewe," Avril akasema. "Niliilalia kutwa, Ormerod akaninyima chakula cha mchana, nami jioni nikaichukua. Nikaitia vibanio. Mwisho."

"Imepokelewa," Kanoni akasema, ingawa vibanio vilimuuma. "Lakini mguu wako umo pichani, mama. Kwa hiyo na wewe ni kitu cha Dirisha. Neville, weka mkono. Asili ya mama huyu?"

Neville akaweka mkono juu ya santuri. "Duka la Ormerod."

"Ulimpataje?"

"Nilisimama nje ya kioo. Alipotoka nikamfuata mpaka kituo cha basi. Nikaomba nimbebee mkoba."

"Hapo nje ya kioo," Kanoni akaendelea, maana huo ndio utaratibu wao, hawaachi hatua, "ulisimama ukiangalia nini?"

Kicheko kilinipanda nikakizuia na kikombe. Avril hakucheka. Alijinyanyua kwa viwiko, na chuma chake kipya, na maumivu yake, akamtazama mumewe.

"Ukisema mvua," akamwambia, "narudisha vibanio ndani ya huyu Askofu sasa hivi, mbele ya wageni."

Neville akatazama maaskofu mmoja mmoja, hakuna aliyemsaidia. Masikio yalikuwa yameanza kuwa mekundu. Niliona uongo ukimfika mdomoni, uongo mzuri, mtamu, wa neno moja, ambao mume yeyote angeusema bila hata kufikiri. Uongo ukarudi tumboni.

"Sema, Neville," Avril akasema. "Mimi nishalala. Sina pa kwenda."

"Foronya," akasema Neville. "Nilikuwa naangalia foronya. Wewe nilikuona ulipoinuka ukaitia kwenye mkoba."